Mashine Isiyozunguka

Boke alinipata kwenye simu nikiwa nimelala chali chini ya pikapu, kutu ikiniangukia usoni. "Achieng'," akasema bila hata salamu, "baba anakuulizia. Anataka uje. Na anasema uje na Kinyozi." Nilitaka kumuuliza mzee yuko hali gani, kama anakula, kama anatembea, lakini salio lake likaisha, maana Boke hajawahi kuweka salio la kutosha tangu nimjue. Nilitoka chini ya gari, nikanawa kwa sabuni ya unga hadi kwenye viwiko, nikawaambia mafundi wangu hapa Rodi Kopany kwamba naenda Kegonga kumwona mzee wangu. "Si mzee wako ni wa Kosele?" mmoja akauliza. Nikamwambia apige msasa aache maswali. Sikuwa na muda wa kueleza. Sasa nimerudi, sweta yangu bado inanuka moshi wa jiko la Boke, na muda ninao. Nitaanza na chai, kwa sababu mwaka ule nilipojifunza kazi hii inayonilisha, jambo lote lilianzia kwenye kikombe cha chai.

Gereji ya Mzee Mwita ilikuwa Migori mjini, nyuma ya maduka, unaposhuka kuelekea mtoni. Ilikuwa ua wa mabati uliojaa milango ya magari isiyo na magari na magari yasiyo na milango. Upande mmoja palikuwa na jiko la Boke, bintiye, aliyetupikia sisi na yeyote aliyepita na njaa. Nyuma ya jiko palikuwa na chumba tulicholala Boke na mimi, godoro moja, ndoo mbili, na kioo cha pembeni cha lori tulichokipigilia ukutani ili tujitazame. Ukuta wa upande wa pili ulikuwa bati moja tu, na ng'ambo ya bati hilo ndipo palipokuwa na kile tulichokiita ofisi ya mzee, yaani kiti cha mbele cha basi na meza. Mtu akikohoa ofisini, sisi tuligeuka kitandani. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka Kosele na gunia la viazi vitamu na mdomo mrefu, na nilikuwa nimeapa kwamba sirudi huko kuuza rabuon, viazi hivyo hivyo, kando ya barabara. Viazi tulivila na Boke mwezi wa kwanza, vya kuchemsha asubuhi, vya kuchoma jioni. Mdomo nilibaki nao.

Saa nne asubuhi na saa kumi jioni Boke alitoka na birika. Alijaza vikombe vyetu hadi ukingoni, lakini cha baba yake alikimimina nusu, kila siku, bila kuambiwa. Mzee alikichukua, akatupa mgongo, akanywa akiwa ameelekea ukutani kama mtu anayetafuta msumari. Odhis, mpiga rangi wetu, ambaye hakuweza kukaa kimya hata akiwa na barakoa ya rangi mdomoni, alisema mzee anaogopa kwenda choo mara nyingi. Mimi nilisema ni ubahili. "Mtu anajinyima hata chai yake mwenyewe, yawa!" nilimwambia Boke tukiosha vyombo. Boke alisugua sufuria ile ile muda mrefu sana, akaniuliza kama nimeona sabuni.

Mzee Mwita alikuwa Mkuria, mrefu, mwenye maneno machache. Kwetu sisi Wajaluo alisema Kiswahili, kwa sababu Dholuo chake kilikuwa salamu na matusi tu, na Kikuria chetu hakikufika hata hapo. Mimi aliniita Nyar Kosele, msichana wa Kosele. Odhis aliitwa fundi, aliyekuja kuchomelea alikuwa fundi, hata mzee wa kushona viti aliitwa fundi, lakini mimi nilibaki Nyar Kosele. Niliumia, sitaficha. Ila nilikaa, kwa sababu sijaona mtu mwingine akisoma gari vile. Angeweka kiganja juu ya bodi, akafumba macho, akakiburuta polepole kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, halafu akasimama mahali ambapo mimi naona rangi inayong'aa tu. "Hapa pamedanganywa," angesema. Tukikwangua, chini ya rangi tunakuta filla, ule unga wa kuzibia mashimo, nene kama mkate. Mtu ananunua gari akichekelea, kumbe nusu ya mlango ni unga. Mzee hakupenda filla. Alitaka bati lililooza likatwe, jingine litiwe, ligongwe kwa nyundo ndogo mpaka likubali.

Lakini kukata hakukata yeye. "Nyar Kosele, shika grainda," ndio ulikuwa wimbo wake mwaka mzima. Mimi nilivimba kichwa. Nilidhani ameipenda kazi yangu, na nikawa mkali wa grainda kweli, nikiikandamiza kwa uzito wangu wote hadi cheche zinafika mlangoni mwa jiko na Boke anapiga kelele kwamba ninachoma mboga zake. Odhis alinicheka. "Wewe unadhani umepandishwa cheo," alisema. "Unatumiwa kama jeki, mathe." Sikumjibu, maana nilikuwa na grainda mkononi na ningemjibu vibaya.

Ukweli niliusikia kupitia bati. Ilikuwa jioni, adhana ya magharibi imekwisha, na Boke na mimi tulikuwa tumekaa kwenye godoro tunachagua omena, wale dagaa wa ziwani, kwa chakula cha jioni, tukitoa mawe na nyasi. Haji Abdalla akaingia ofisini. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi barabara ya juu, mtu wa pwani aliyekaa Migori miaka mingi, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wote tujione tunatafuna mawe. Kila siku baada ya swala alipita kumsalimu mzee.

"Bwana Mwita," tukamsikia, "siku hizi hukati wewe. Napita hapa namwona binti wa watu ndiye kila siku na mashine. Kuna nini?"

Kiti cha basi kikalia.

"Haji, mkono umekataa."

"Umekataa vipi?"

"Unatetemeka. Ukilala juu ya bati unatulia. Ukiinuka hewani unaanza. Grainda iliniruka ikachana suruali mpaka ndani. Mungu alinishika tu." Akavuta pumzi. "Hospitali nimeenda. Wameniambia si pombe, si malaria. Ni kama ule wa baba yangu. Sitakufa nao, lakini utazidi."

"Pole, ndugu yangu. Pole sana. Sasa wafikiria nini?"

"Nafunga. Mvua ikianza nataka niwe Kegonga nalima mahindi. Jembe halina shida na mtu wa kutetemeka. Nani atampa gari lake mtu ambaye hawezi kushika kikombe? Wakijua, watacheka, halafu watahama. Afadhali nifunge kabla hawajajua."

"Na hawa watoto?"

"Boke ataenda na mimi. Nyar Kosele atarudi kwao."

Omena zilikuwa zimebaki mkononi mwangu. Nikamtazama Boke, naye akanitazama. "Umesikia?" akanong'ona. Nikasema nimesikia. "Hujasikia," akasema, akarudi kuchagua, na machozi yakadondoka kwenye ungo. Ndipo nikaielewa ile chai ya nusu kikombe. Kikombe kikiwa nusu hakimwagiki. Miezi yote ile mzee alikuwa akiificha aibu yake ukutani, na mimi nikimwita bahili! Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kutuficha, nikaukasirikia mkono, nikaikasirikia Kosele yenyewe, na viazi vyake, na barabara yake ambayo ningekaa kandokando nikipungia watu mafungu. Tulikula ugali na ile omena jioni hiyo, sote kwenye meza moja, mzee akitumia mkono wa kushoto.

Haikupita wiki, Haji akarudi mchana, amekumbatia kisanduku chenye vumbi. Alisema ameagiza randa ya umeme ya maseremala, wakamletea hiki kitu, na hakuna seremala wa Migori aliyekitaka. Akakifungua. Ndani mlikuwa na mashine ndogo, nene kama gunzi la mahindi, na mdomoni ina kisu cha bati chenye meno, kipana kama vidole viwili. Odhis akaichomeka kwenye stima. Ikaunguruma kama nyuki kwenye chupa, lakini kile kisu hakikuzunguka. Kilicheza tu kushoto na kulia, hatua ndogo sana, kwa kasi hadi meno yakapotea machoni. Odhis akaiweka karibu na shavu lake. "Haji, umetuletea mashine ya kunyoa! Vinyozi wa Migori wafunge maduka!" Jina likashika pale pale. Tangu siku hiyo ni Kinyozi.

Mzee aliichukua kwa mkono wa kushoto, akaigeuza. "Mashine isiyozunguka ni mashine gani, Haji? Hii inatetemeka tu." Neno likamtoka hivyo, naye akalisikia. Akaweka mashine mezani haraka, mkono wa kulia ukaingia mfuko wa ovaroli, akaenda zake nyuma ya lori. Odhis bado alikuwa anacheka. Haji hakucheka. Alinitazama mimi, akasogeza kile kisanduku upande wangu, na ndani nikaona visu vya kukatia mbao vingi na vya kukatia chuma vichache. "Ikae hapa," alisema. "Kwangu inakula vumbi bure." Nafikiri mpaka leo kwamba hakuna randa yoyote iliyoagizwa.

Halafu akaja Mama Akoth. Tulimnusa kabla hatujamwona. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki wa Homa Bay, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa, na pikapu yake ilikuwa imebeba omena kutoka ufuoni hadi Migori miaka na miaka, ikirudi na harufu. Bodi yote ya chini upande wa dereva, lile boksi refu la bati lililo chini ya mlango, ilikuwa imekwisha. Aliegesha katikati ya ua, paka wawili wakiwa tayari nyuma yake, akashuka. "Mwita ni nani hapa?" akauliza. "Nimetoka Homa Bay kwa sababu ya jina hilo. Mafundi wa kwetu wameniogopa."

"Wameogopa nini?" mzee akauliza.

"Moto!" Akapiga makofi. "Wa kwanza aliweka grainda hapo chini. Cheche zikaingia ndani, moshi ukaanza kutoka. Tunamwaga maji, moshi unatoka. Tunamwaga tena, moshi unatoka mlango ule mwingine! Mtaa mzima ulinuka omena ya kuungua mpaka jioni. Watu walikuja na ugali, wakidhani kuna sherehe. Tangu siku hiyo fundi akiniona anafunga gereji."

Tulicheka, hata mzee alicheka, lakini alipopiga magoti akaweka kiganja chake pale chini, kicheko kikaisha. Mtu asiyekaa karibu na ziwa hawezi kujua jambo hili. Omena ni samaki wadogo kama kucha, wamekauka, na gari likirukaruka wanavunjika, unga wao wenye mafuta unapenya kila tundu la kutu na kujaa ndani ya bodi. Kule ndani huwezi kuosha mpaka ukate, na ukikata kwa grainda unawasha jiko, tena na tangi la mafuta liko hapo nyuma tu. Patasi na nyundo zingekunja hata bati zima. Msumeno wa mkono haukuwa na pa kuingilia. Mzee akainuka taratibu. "Mama, ndani kumejaa. Siwezi. Rudi nalo."

"Nirudi nalo wapi?" Sauti yake ikashuka ghafla, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Baba, nikikanyaga klachi naiona barabara. Siku moja nitadondoka. Na nikisimama, wateja wangu wa hapa watashika mtu mwingine, na nyumbani kuna watoto. Watakula harufu?"

Mzee alitazama chini. Nilijua anachofikiria, kwa sababu ningefikiria hivyo hivyo. Ningekuwa mimi ndiye ninayetaka kufunga gereji, hii ingekuwa kazi ya mwisho ya kukataa, halafu Kegonga. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Kuna Kinyozi," nikasema. "Haitoi cheche kama grainda." Odhis akasema, "Ebu toka hapa, Achieng'." Lakini mzee alinikazia macho muda mrefu, akasema, "Basi kata wewe."

Nikakata. Yaani nikajaribu. Nilishika Kinyozi kama nilivyozoea kushika grainda, mikono yote miwili na uzito wa kifua nyuma yake, nikaisukuma kwenye bati. Ikalia. Ikalia kama mtoto anayenyolewa kwa nguvu, moshi mwembamba ukapanda, na nilipoinua nikakuta kisu kimegeuka rangi ya bluu na meno yote yamekwisha, laini kama kidole. Nikaweka kingine. Nikasukuma zaidi, maana kwangu mimi kitu kikikataa unakilazimisha. Hicho nacho kikafa, tena haraka zaidi. Mama Akoth alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda, na alipoona moshi akasimama. "Ninyi nanyi mnataka kunichomea?" Kwenye kisanduku kilikuwa kimebaki kisu kimoja cha chuma. Jasho lilinitiririka machoni, nikitaka kuitupa mashine ile mtoni na mimi mwenyewe niifuate.

"Unaisukuma," mzee akasema nyuma yangu.

"Nisipoisukuma haikati!"

"Hii si grainda. Iache ijiendee."

"Nimeiacha, mzee! Haitaki!"

"Nipe."

Alilisema upesi, kama mtu anayemkemea mtoto, na nadhani lilimshtua yeye kuliko sisi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshatoka mfukoni. Uwanja wote ukauona, ukipepesuka pale hewani, vidole vikigongana. Odhis akaacha kuchanganya rangi. Boke alikuwa ametokea mlangoni mwa jiko na birika, akabaki hapo hapo. Mzee angeweza kuurudisha. Nilimwona akiufikiria mfuko. Nikamwomba Mungu wa Wakuria na wa Wajaluo kwa pamoja kwamba asiurudishe.

Mama Akoth akauliza waziwazi, maana ndivyo alivyo. "Fundi, mkono wako una nini?"

"Unatetemeka, mama," akasema Mzee Mwita. "Ni ugonjwa. Una miaka miwili sasa. Gari ni lako, ukitaka nisiguse, sitagusa."

Mama Akoth aliutazama ule mkono, akaitazama mashine niliyoishika, bado inaunguruma, kisu chake kikicheza kushoto na kulia. "Na hiyo nayo si inatetemeka?" akasema. "Wacha vielewane. Endelea." Akakaa tena kwenye kreti yake.

Mzee akapiga magoti. Nilimfungia kile kisu cha mwisho, nikampa. Akaegemeza kiwiko kwenye goti, mkono wa kushoto ukashika kwa chini, wa kulia ukalala juu, na wala hakusukuma, kwa sababu hakuweza. Mkono ule haukuwa na nguvu ya kukandamiza kitu chochote. Uliigusisha tu mashine kwenye bati na kuiacha. Na sauti ikabadilika. Kilio kikaisha, ukaja mvumo wa chini, mtulivu, na unga mwekundu wa kutu ukaanza kumwagika kama ulezi unaotoka kwenye jiwe la kusagia. Hakuna moshi. Hakuna cheche. Kila baada ya kipande kidogo alisimama, akadondosha oili, akagusa bati kwa kidole kuona kama limepata joto, akaendelea. Mkono ulitetemeka muda wote, lakini kisu kilifuata mstari wa chaki utadhani kimetumwa, maana mashine ile haiwezi kumruka mtu. Haizunguki. Haina pa kukimbilia. Mimi niliyekuwa na mikono ya chuma nilikuwa nimeua visu viwili, na mkono uliokuwa unafungiwa gereji ulikuwa ukikata kwa kile cha mwisho. Nililia, na sikujifuta, wacha waone.

Alipomaliza, alilishika lile bati kwa ncha akalifungua kama kifuniko cha kopo. Ndani mlikuwa na omena ya miaka yote, imeshindiliwa, kahawia, inang'aa kwa mafuta. Sijui nani aliwapelekea habari paka wa Migori. Walikuja kutoka sokoni, kutoka stendi, kutoka msikitini, na Odhis akawa na kazi ya kuwafukuza kwa fimbo ya kukorogea rangi huku akiapa kwamba hakuajiriwa kuchunga. Boke alileta maji ya moto na sabuni, tukaosha ndani mpaka maji yakatoka meupe, tukaliacha likauke juani. Kesho yake, kukiwa hakuna tena cha kuungua, nilikata bati jipya nikalichomelea, na mzee akaweka kiganja, akafumba macho, akakiburuta toka mwanzo hadi mwisho. Alipofika mwisho alipiga bati mara moja kwa kofi, kama anavyopigwa ng'ombe aliyekubali kamba.

Chai ilikuja saa kumi kama kawaida. Boke akatujazia sisi, akamjazia Mama Akoth, akamimina cha baba yake nusu, akageuka kuondoka. Mzee hakuenda ukutani. Alikaa pale pale kati yetu, kikombe mbele yake.

"Kwani chai imekwisha?" akauliza.

"Haijaisha, baba."

"Basi jaza."

Boke akajaza. Mzee akakiinua, na chai ikamwagika, ikapita kwenye vidole, ikaingia kwenye mkono wa ovaroli. Odhis alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu kwa buti. Mama Akoth alivuta chai yake, akasema, "Hiyo ni kidogo, baba. Ungeona navyomwaga mimi kwenye matuta ya Rongo." Mzee Mwita akacheka mpaka ikamwagika nyingine.

Mvua ilianza, ikanyesha, mahindi ya Kegonga yakapandwa na watu wengine. Habari za gereji isiyowasha samaki zilifika Homa Bay kabla hata Mama Akoth hajafika, na magari ya samaki yakaanza kushuka Migori moja moja, hadi ua wetu ukanuka kama ufuo na wenye magari ya kawaida wakaanza kulalamika. Haji alileta visu vya chuma, boksi zima, akituambia eti hivyo navyo vililetwa kimakosa. Na mimi nikafundishwa upya. Kila nilipokata, mzee aliweka mkono wake wa kulia juu ya wangu, ule ule unaotetemeka, na ukiwa umewekewa mkono kama huo huwezi kukandamiza kitu. Unatetemeka naye. Unajikuta umelegea mabega, umelegea vidole, na kazi inaenda. Siku alipouondoa mkono wake sikutambua, niligundua tu kwamba yuko upande wa pili wa ua anazungumza na Haji, na mimi nimefika mwisho wa mstari. Alifunga gereji miaka mingi baadaye, siku aliyoitaka yeye, akanipa Kinyozi akaenda kwake. Mimi nikaja Rodi Kopany, katikati ya njia ya samaki.

Sasa juzi nilimkuta Kegonga kwenye kiti kile kile cha basi, alihama nacho, ameketi mlangoni ameangalia mahindi. Amepungua. Mikono yote miwili sasa inatetemeka, na sauti kidogo. Nikamwamkia, akanishika kichwa. "Umekuja nayo?" Nikaifungua kwenye leso. Mota nimeibadilisha, waya nimeubadilisha, gamba limebaki lile lile, na pale kidole gumba chake kilipokaa pamekwaruzika hadi pameng'aa. Nikaichomeka, nikamwekea mkononi. Ikaunguruma. Akaisikiliza, amefumba macho, mikono na mashine vikitetemeka pamoja.

"Bado haizunguki," akasema.

"Bado, mzee."

Aliniuliza kama mafundi wangu wanaisukuma. Nikamwambia wanasukuma wote, na ninawawekea mkono, lakini wangu umetulia mno, haufundishi kama wake. Hilo lilimfurahisha kabisa. Boke akatoka na birika, nywele zake sasa zina mvi kama zangu, akanijazia kikombe, halafu akamimina cha baba yake nusu, kwa upole, jinsi mtu anavyomhudumia mgonjwa. Mzee akakitazama kile kikombe. Siku hizi anachoka kusema.

Nikainuka, nikachukua birika kutoka mkononi mwa Boke, nikamimina hadi ukingoni.

"Achieng'! Atajichoma!"

"Mwache," mzee akasema.

Akakiinua kwa mikono miwili. Chai ikaenda kwenye sahani, ikaenda gotini, ikaenda chini kwenye udongo, na nyingine ikafika mdomoni. Alikunywa taratibu mpaka mwisho, akajifuta kwa mkono wa shati, akaninyooshea kikombe kitupu kikicheza hewani.

"Jaza tena, fundi."